Kijana wangu alinyamaza, sisi tukaita kiburi

Fundi wa Soweto (mwenye uzi)

Habari za usiku wakuu. Wanaonijua humu wananijua kule jukwaa la magari, kwenye nyuzi za gia boksi na injini za Canter. Leo nimehamia huku kwa jambo la nyumbani kwangu, hapa Mbeya. Nitaandika vipande vipande, maana simu yangu kioo kimepasuka na mke wangu akiniona naandika habari hizi anaanza kulia upya.

Nina kijana wa miaka 16, kidato cha tatu, anasoma bweni mkoa mwingine. Tangu ana miaka miwili mpaka darasa la tano alilelewa na mama yangu mzazi huko Tukuyu. Sisi wakati ule tulikuwa chumba kimoja, mke anauza mboga Mwanjelwa, mimi dei waka kwenye gereji ya mtu. Hata alipohamia kwetu, likizo zote alikuwa anashuka Uyole, anaunganisha gari la Tukuyu, sisi tunamwona baada ya wiki akiwa na mkungu wa ndizi begani. Tulishazoea.

Kuanzia Januari mwaka huu mtoto akabadilika. Simu za Jumapili zikawa "shikamoo baba, niko salama, naomba hela ya sabuni", basi. Darasani alikuwa wa 9, akashuka mpaka wa 61. Mpira aliokuwa anacheza namba sita akaacha. Matroni anapiga simu: kijana yuko zahanati ya shule, kichwa. Wiki mbili mbele, tumbo. Ametibiwa taifodi mara mbili, UTI mara moja, na malaria ambayo kipimo kilisema hana lakini akapewa dawa "kwa tahadhari". Nimetuma hela za dawa mpaka nikaanza kuhisi ananichezea.

Likizo ya Juni ndiyo ikawa balaa. Usiku kucha macho, mchana analala mpaka saa saba. Dada yake akimgusa kitabu anafoka kama mtu aliyetukanwa. Ukimwuliza kitu anakuangalia tu. Nikasema huyu kaota mapembe. Nikamnyang'anya simu. Siku moja nilimnasa kofi mbele ya wadogo zake kwa sababu nilimwita mara tatu hakuitika. Naandika hivi ili msije mkadhani mimi ni baba wa kwenye semina.

Naendelea kesho. Wenye watoto wa umri huu, hivi nyie mnajuaje kwamba hii ni balehe tu na hii sasa ni ugonjwa?

Mama Watatu

Nimekaa mkeka kabisa. Wa kwangu wa miaka 14 naye kajifungia chumbani, akitoka ni kwenye friji tu. Ila akienda kwa rafiki zake nasikia anacheka mpaka jirani wanasikia. Mkuu usichelewe na mwendelezo.

Kamanda wa Zamani

Mnadekeza watoto halafu mnakuja kuuliza humu. Sisi tulilala njaa, tulichapwa, tulitembea kilomita saba kwenda shule, na hakuna aliyepata hiyo afya ya akili. Haya mambo yameletwa na simu na wazungu. Mpe jembe wiki mbili, atapona.

Binti wa Darajani

Kamanda, kwani neno "sonona", huo ugonjwa wa huzuni nzito, limeletwa na wazungu? Bibi zetu Unguja walikuwa wakisema moyo wasonona hata hizo simu hazijaota. Kilichokosekana ni watu wa kuwasikiliza, jina lilikuwepo.

Nesi wa Zamu

Fundi, pole. Nimefanya kliniki ya afya ya akili miaka kadhaa, niruhusu nikujibu swali lako maana ni swali zuri kuliko wengi wanavyoliuliza.

Balehe inabadilisha mtoto kweli. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kutafuta raha huchangamka mapema. Sehemu ya mbele, ile ya kupima matokeo na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kununa, kubishana, kutaka faragha, kuona marafiki ni bora kuliko wazazi, hayo yamo. Mwanasaikolojia Erikson aliuita umri huu wakati wa mtu kutafuta "mimi ni nani", na mtu anayetafuta hivyo lazima akukatalie mambo mawili matatu wewe mzazi. Mtoto wa Mama Watatu nadhani yuko hapo: nyumbani kanuna, kwa wenzake anacheka.

Mimi huwa naangalia upana na muda. Je, mabadiliko yako nyumbani tu, au yako pia shuleni, kwa marafiki, kwenye chakula, kwenye usingizi? Yamekaa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku? Na vitu alivyokuwa anavipenda kwa hiari yake mwenyewe, ameviacha? Wa kwako kaacha mpira, kaporomoka darasani, usingizi umegeuka, na ni miezi sita. Hilo halitoshi kumwandikia ugonjwa kwenye mtandao, lakini linatosha kabisa kumpeleka akaonwe.

Halafu kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: kwa kijana, sonona mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira. Anakuwa mtu wa kukereka na kufoka, ndiyo maana tunaiita kiburi. Na kwetu huku inapenda kupitia mwilini, kichwa, tumbo, mwili kuchoka. Ukienda zahanati na kichwa na tumbo, utatoka na taifodi. Nimeona madaftari ya watoto yana taifodi nne kwa mwaka.

Nikuulize: kuna jambo lolote lilitokea nyumbani au shuleni kabla ya Januari?

Fundi wa Soweto

Nesi, swali lako nimelisoma mara nne. Ndiyo. Sikutaka kuliandika.

Mama yangu alifariki mwishoni mwa Oktoba mwaka jana. Kijana alikuwa kidato cha pili, mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki chache. Tukakaa ukoo, wakubwa wote tukakubaliana asiambiwe. Tukapiga simu shule, mwalimu mmoja akatuunga mkono, akasema mtamvuruga mtoto. Jumapili akipiga simu anauliza "bibi hajambo?" Mke wangu anajibu hajambo, anakusalimu. Tulikuwa tumeshamzika siku nne.

Mtihani ukaisha, akafunga shule. Kama kawaida yake akashuka Uyole, akaunganisha Tukuyu. Hatukuwahi kufikiria hilo, wakuu. Sisi tulikuwa tumejipanga akifika Mbeya tumkalishe, shangazi yake awepo, mchungaji awepo. Yeye kafika kwa bibi yake peke yake na begi, kakuta mlango una kufuli na kaburi limeshawekwa saruji.

Jirani akatupigia. Nikaenda na Noah ya mteja. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, hajalia. Tukarudi naye, hajalia. Shangazi yake akasema "kijana kakomaa huyu, kapokea kiume", na mimi nikajisikia fahari kabisa. Nilikuwa nawahadithia watu gereji.

Mama Watatu

Jamani.

Kitanda cha Juu

Mkuu mimi nina miaka 22 na hii imenikuta mimi, tofauti ni kwamba kwangu alikuwa kaka. Niliambiwa baada ya siku 41. Kilichoniumiza zaidi, ukiniuliza leo, ni kwamba niliacha kumwamini mtu yeyote anayeniambia "nyumbani wote wazima". Mpaka chuo nilikuwa nikipigiwa simu nyumbani jasho linanitoka kabla sijapokea.

Kamanda wa Zamani

Hapo wazazi hamkukosea hata kidogo. Mimi nilimficha binti yangu kifo cha mjomba wake akiwa kwenye mtihani wa kidato cha nne na alipata daraja la kwanza. Leo anafanya kazi benki. Mngemwambia angefeli, mngekuja kulia humu kwamba kafeli.

Binti wa Darajani

Kamanda umeshawahi kumwuliza huyo binti wa benki alijisikiaje? Au umeangalia cheti tu?

Kamanda wa Zamani

Nimeangalia cheti. Ndicho kinacholipa kodi.

Msafiri wa Thika Road

Salamu kutoka Kenya. Huku pia watoto wa mabweni hufichwa mambo haya, tena sana, hasa muhula wa tatu. Ninaelewa kwa nini. Mzazi ameuza ng'ombe kulipa karo, mtihani ni mmoja, na mtoto yuko mbali hata huwezi kumkumbatia. Mimi simlaumu Fundi. Lakini naona pia yule mtoto alikatwa kutoka kwa mazishi, na mazishi kwetu ndipo watu hulia pamoja. Wenyewe mlilia, mkapika, mkakesha, mkamaliza. Yeye alikuta saruji.

Nesi wa Zamu

Msafiri umenena. Nami niongeze kidogo, bila kumkandamiza Fundi maana walifanya walichoona ni upendo. Kuna kufiwa, na kufiwa si ugonjwa. Mtu hulia, hukosa hamu ya kula, halafu siku nyingine anacheka, taratibu maisha yanarudi. Ila kwa baadhi ya watu msiba hauendi, unageuka kitu kingine: mtu anazimika, anajilaumu, anajiona hafai, kila kitu kinapoteza ladha. Kijana aliyefika hapo huhitaji msaada wa mtaalamu hata kama chanzo kinaeleweka kabisa. Watu husema "si ana sababu ya kuhuzunika?" Mguu ukivunjika kwa ajali inayoeleweka bado unafungwa plasta.

Na umri wake ndio umri wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Uchambuzi mmoja mkubwa uliokusanya tafiti 192, wenye watu zaidi ya laki saba, ulikuta karibu nusu ya matatizo haya yalianza kabla ya mtu kufika miaka 18, na umri ambao yanaanza kwa wingi zaidi ni 14 na nusu. Huo ni umri wa kidato cha kwanza na cha pili. Ndio umri tunaowafungia mabegi na kuwapeleka mbali.

Fundi, nina swali gumu. Umemwuliza kama huwa anafikiria kufa?

Fundi wa Soweto

Hapana! Nesi, kumwuliza hivyo si ndiyo nitakuwa namfundisha?

Nesi wa Zamu

Hiyo hofu kila mzazi anayo, na mimi nilikuwa nayo nikiwa mwanafunzi. Ushahidi uliopo hauioneshi kuwa kweli. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampa nafuu kwamba sasa kuna mtu mmoja analijua. Uliza wazi, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, huwa inafika mahali unatamani usiwepo?" Akisema ndiyo, usipige kelele, usimtishie moto wa jehanamu, usimwambie kuna wenzako wanateseka zaidi. Mshukuru kwa kukwambia. Mwulize kama amewaza atafanyaje. Kama amepanga, usimwache peke yake, ondoa nyumbani vitu vya hatari zikiwemo dawa na sumu za shambani, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Pia kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, ni bure, Tanzania Bara na Zanzibar, na Kenya pia wana 116 yao.

Msafiri wa Thika Road

Naam, 116 ipo hapa. Niongeze kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kile cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba. Zamani mtu akitoka hospitalini alikuwa anangojwa na polisi. Nani angesema ukweli hapo?

Binti wa Darajani

Kwenu Bara lile kosa bado limo kwenye kitabu cha sheria, sikosei? Kazi ipo.

Fundi wa Soweto

Wakuu samahani nilipotea siku tano. Naendelea.

Nilijaribu kumwita sebuleni nimwulize. Nikaketi kwenye kochi langu, yeye akasimama. Nikaanza "mwanangu, mimi baba yako..." nikaona uso wake umefunga kama shata ya duka. Nikamwambia kalale.

Kesho yake nilikuwa na Canter ya kushusha propela. Kijana wangu wa kazi hakuja, nikamwomba huyu anishikie taa. Tukalala chini ya gari wote wawili, migongo kwenye boksi, tunaangalia juu kwenye oili. Kama nusu saa hivi hakuna anayesema kitu zaidi ya "nipe spana kumi na nne". Halafu akaniuliza, taa ikiwa bado imenyooka vizuri kabisa kwenye boliti:

"Baba, bibi alikufa akiniuliza?"

Sikuwa na pa kukimbilia, gari liko juu yangu. Ukweli ni kwamba mama alimwuliza. Siku tatu za mwisho alikuwa anamwuliza yeye tu. Na sisi tulimwambia anakuja Jumamosi. Yaani tulidanganya pande mbili, mgonjwa na mjukuu. Nikamwambia yote. Nikamwambia na kwamba Jumamosi ile yenyewe ndiyo aliyofariki.

Taa ikaanza kutikisika. Alilia pale chini ya gari mpaka mwenye Canter akaja kuchungulia akidhani kuna mtu kabanwa. Nami nililia, sioni haya.

Alipotulia nikamwuliza lile swali la Nesi. Akasema, "Huwa natamani nilale nisiamke. Lakini sijapanga kitu." Akaniambia alikuwa anajiona yeye ndiye mwenye makosa, kwamba siku ya mwisho ya kuongea na bibi kwa simu alimkatisha maana kengele ya prepu ililia. Amekaa na hilo miezi minane, mimi namwita ana kiburi.

Kitanda cha Juu

Daah. Nimesoma kwenye daladala nimepitiliza kituo.

Mama Watatu

Fundi hongera kwa kumwambia ukweli, wengine tungedanganya mara ya tatu.

Ila nimejifunza kitu hapo kwenye gari. Wangu naye akiwa mbele yangu hasemi. Jana nilimpa kazi ya kunisaidia kuchambua mchele, macho yote yako kwenye sinia. Akaniambia kuna wasichana wamemtengenezea kikundi cha kumcheka. Mwaka mzima!

Nesi wa Zamu

Wengi wetu kliniki tunajua hili, kijana akikaa ubavuni mwako anaongea kuliko akikaa mbele yako. Kuangaliwa usoni na mzazi ni kama kuwa kizimbani. Fundi, kwa kauli hiyo ya kutamani kutoamka, usisubiri tena. Mpeleke.

Mwalimu wa Malezi

Mimi ni mwalimu, nimesoma kimya tangu mwanzo na roho inanisuta. Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya 900 na walimu wa ushauri nasaha wawili, na wote wawili tuna vipindi kama kawaida. Mmoja wetu ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Fikiria, asubuhi nimekuchapa kwa kuchelewa mstarini, jioni nakwambia karibu ofisini unieleze yaliyo moyoni. Nani atakuja?

Na usingizi tunawaonea. Taa zinazimwa saa nne usiku, kengele saa kumi alfajiri. Mkisikia mwanafunzi ana hasira, anza na hesabu hiyo.

Nesi wa Zamu

Saa sita za kulala, wakati kijana wa umri huo anahitaji nane mpaka kumi. Halafu balehe yenyewe inasogeza saa ya mwili mbele. Ile homoni ya usingizi, melatonini, inaanza kutoka usiku zaidi kuliko ilivyokuwa utotoni. Kwa hiyo saa nne anajilaza lakini hapati usingizi, saa kumi anaamshwa katikati ya usingizi mzito. Tunamwita mvivu.

Msafiri wa Thika Road

Mwalimu, kuna jambo huku limejaribiwa linaloweza kukufaa. Mpango unaitwa Shamiri. Badala ya kungoja madaktari wa akili, ambao ni wachache mno, wanafunza vijana waliomaliza shule ya upili juzi tu, nao wanakaa na wanafunzi kwa vikundi vidogo, mara nne, saa moja kila wiki. Hawagusi neno ugonjwa. Wanazungumzia kwamba mtu hubadilika, kushukuru, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Walilipima kwa wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi, wengine wakafundishwa mbinu za kusoma ili kulinganisha, na matokeo yakachapishwa 2021: waliopita Shamiri walipungukiwa na dalili zaidi. Mwanafunzi atamwambia kijana wa miaka 19 jambo ambalo hawezi kumwambia mwalimu mwenye kiboko.

Binti wa Darajani

Na Zimbabwe walianza na mabibi. Daktari Dixon Chibanda, 2006, pale Mbare, Harare, alikuwa na mabibi 14 na benchi la mbao nje ya kliniki, mtu anakaa na bibi anamweleza yanayomsumbua. Benchi likaitwa la urafiki, na leo limeshafika nchi nyingine, hadi huku kwetu Zanzibar. Hawasemi sonona, wanasema kufungisisa, Kishona hicho, kuwaza kupita kiasi. Kwani sisi hatusemi "ana mawazo"? Walilipima kwa watu 573 na likafanya kazi.

Naona ajabu kidogo kwamba huyu kijana wa Fundi benchi lake alikuwa nalo tayari, Tukuyu.

Kamanda wa Zamani

Sasa mnasema mabibi, na mimi nilisema jembe. Tofauti iko wapi? Bibi angempa jembe.

Mama Watatu

Kamanda leo kidogo umeniua kwa kicheko. Kweli bibi angempa jembe, ila angelima naye.

Fundi wa Soweto

Mrejesho wa hospitali, kwa waliouliza inboksi.

Kwanza niseme nilivyoogopa. Huku kwetu ukitaka kumtukana mtu unamwambia kapimwe Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Mimi mwenyewe nimelisema mara elfu gereji.

Msafiri wa Thika Road

Huku ni Mathari.

Binti wa Darajani

Kidongo Chekundu. Hata watoto wa skuli wanatukanana hivyo.

Kitanda cha Juu

Roommate wangu Mganda anasema kwao ni Butabika. Afrika Mashariki imeungana.

Fundi wa Soweto

Basi mimi nilidhani tunapelekwa Dodoma moja kwa moja. Kumbe hospitali ya rufaa ya mkoa ina kliniki ya afya ya akili, siku maalumu za wiki. Shida ikawa benchi. Limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, na liko njia ya kwenda maabara, kila anayepita anakusoma. Nilivaa kofia. Kijana akaniambia "baba, mgonjwa ni mimi, wewe mbona unajificha?"

Walianza kwa kumpima damu, kuona kama hana upungufu wa damu au kitu kingine cha kumchosha. Halafu dada mmoja mwanasaikolojia akampa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, hamu ya kufanya mambo, kujiona umeshindwa, na lile la kutamani kufa. Kila swali lina alama sifuri mpaka tatu. Alipata 16 kati ya 27. Mimi nikatolewa nje, wakaongea saa nzima. Nilipoitwa, aliniambia neno ambalo sijalisahau, kwamba kijana wangu hajachelewa lakini amechoka.

Hakupewa dawa siku ile. Ni kurudi kila wiki. Na kazi za nyumbani ndogo ndogo mpaka nikaona ni utani: kuamka saa moja na nusu, kuoga, kutembea mpaka stendi ya Kabwe na kurudi, kuandika ametembea au hakutembea. Nikasema kwa nauli niliyotoa, ndiyo hii?

Nesi wa Zamu

Ndiyo hiyo, na inafanya kazi. Mtu mwenye sonona anasubiri apate hamu ndipo afanye, na hamu haiji. Tunageuza mwendo: anafanya kidogo kwanza, hamu inafuata nyuma taratibu. Wengine wanahitaji dawa pia, na hakuna aibu. Fluoksetini kwa mfano huchukua wiki kadhaa kuonesha matokeo, kijana anatakiwa kuangaliwa kwa karibu hasa wiki za mwanzo, na haiachwi ghafla kwa sababu "amepona". Hayo aamue anayemtibu, si sisi humu.

Mwalimu wa Malezi

Na kanisani mlisemaje? Maana wengi wanaishia huko.

Fundi wa Soweto

Mke alimpeleka kwenye maombi mapema tu, Juni. Nilitegemea mchungaji aseme ni pepo. Alimwombea, halafu akatuita pembeni akasema maombi yanaendelea lakini hospitali nendeni, mimi mwenyewe ninatumia dawa za presha. Namheshimu sana kwa hilo.

Jambo la mwisho nililotaka kuandika ni hili. Wiki ya nne yule mwanasaikolojia alimwuliza kijana anataka nini kuhusu bibi. Akasema anataka kuhadithiwa msiba. Wote, kuanzia mwanzo. Tukaenda Tukuyu Jumamosi, shangazi zake, kaka yangu, mjomba wa mama ambaye ana miaka themanini na kitu. Tukakaa jikoni kwa mama, kufuli tumelifungua. Akawa anauliza mwenyewe. Nani alimfumba macho. Nani alichimba, na udongo ulikuwaje. Mvua ilinyesha? (Ilinyesha, tulichimba mara mbili.) Nyimbo zipi ziliimbwa, nani alikosea ubeti. Walipika nini. Nguo zake amechukua nani. Kila mtu akatoa kipande chake, wengine tukabishana, mjomba akasema jeneza lilichelewa, shangazi akasema halikuchelewa. Tulicheka mahali fulani, sijui hata ilikuwaje. Tulimaliza saa saba usiku. Kijana akalala kwenye kitanda cha bibi yake, akaamka saa mbili asubuhi.

Shuleni karudi wiki iliyopita. Tumeongea na mkuu wa shule, ataruhusiwa kupiga simu Jumatano pia, si Jumapili tu. Usingizi bado unasumbua. Mpira hajarudi. Jumatano alinipigia akasema kichwa kinamuuma, nikataka kuuliza kama wamempima taifodi, nikajizuia, nikamwuliza leo imekuwaje. Akaongea dakika kumi na moja, vocha ikaisha.

Kamanda wa Zamani

Sawa. Ila msimamo wangu wa mtihani uko palepale.

Mgeni Mgeni

Samahani wakuu, nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Niko Chunya, nina binti, mambo yanafanana. Hiyo kliniki ukitoka mbali unafika saa ngapi ili uonwe siku hiyo hiyo? Na lazima barua ya rufaa?

Fundi wa Soweto

Karibu sana. Panda gari la kwanza, uwe pale saa mbili kasoro. Sisi tulipitia kituo cha afya kwanza wakatupa barua, hasa kama una bima usiikose hiyo. Dirisha la kadi ni la pili kushoto, waambie kliniki ya afya ya akili, litamke tu. Kama binti amesema lolote la kutaka kufa usisubiri siku ya kliniki, nenda dharura leo. Nicheki inboksi nikupe namba yangu, nitakupokea stendi.